Benchi la Wabaya

Siku mliyoniaga pale ukumbini mlinipa kitenge, seti ya vikombe na kiti cha plastiki, nadhani mliona nimechoka kusimama. Mganga mfawidhi akanishika bega mbele ya watu wote akauliza, "Mama Skola, habari za leo?" Nikajibu, "Nzuri tu, mwanangu." Mkapiga makofi, mkafungua soda, na habari zangu zikaishia hapo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tena. Nina wiki tatu nyumbani Misunkumilo nikilifikiria jambo hilo, na kwa kuwa sina zamu ya kuwahi, nimeamua kuwaandikia. Vyeo vyangu sitavitaja. Vimo kwenye faili langu, na faili lenyewe mlinitangazia wenyewe kwamba halionekani.

Nilianza kazi miaka ya sabini, mwanzoni mwanzoni, kwenye zahanati ya misheni katika barabara ya kutoka Mpanda kwenda Mpimbwe. Jina lake naliacha, maana baadhi ya nitakaowasema wana wajukuu, na wajukuu siku hizi wanasoma. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonizidi vidole viwili. Nilitegemea nitapewa kofia nyeupe na kipimajoto. Mama Yustina, mhudumu wa wodi, alinipa jiwe.

Lilikuwa jiwe la kunolea sindano. Nyie mnaofungua sindano kwenye karatasi na kuitupa hamtaamini, lakini sindano zetu zilichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta, zikatumika, zikachemshwa tena, na zilipoanza kuwa butu zikanolewa. Ukishanoa unaipitisha ncha kwenye pamba. Ikivuta hata uzi mmoja, unarudi kwenye jiwe. Nilinoa wiki mbili kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu. Mama Yustina alikuwa Mpimbwe wa kabila, mfupi, hajui kusoma wala kuandika, na alikuwa hasemi "umefanya vizuri". Sindano ikikubali pamba, alikuletea nyingine.

Kitu chake cha pili kilikuwa kigoda. Mgonjwa akiwa kitandani au kwenye mkeka, Mama Yustina alivuta kigoda akakaa, kichwa chake kikiwa chini kuliko cha mgonjwa, akaanza. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Mpunga umekubali mwaka huu? Umekubali. Halafu ananyamaza, anakunjua na kukunja ncha ya aproni yake. Mimi nilikuwa nasimama na beseni mikononi, nikihesabu kazi zilizobaki, namwona mvivu. Ghafla mgonjwa anasema, "Nzuri, mama, ila hiki kifua..." Na hapo ndipo ugonjwa unapotoka, wote, na wa mwaka juzi ukiwemo.

Mwaka wangu wa pili akaja Dokta Anselmo kutoka Hispania. Alikuwa mwembamba, mrefu, anatembea kwa hatua za mtu anayekimbizwa na mvua. Sitamsema vibaya kwa kazi. Alikula amesimama, alilala kidogo, na watu walimjia kutoka Litapunga mpaka bondeni Mpimbwe. Kitu cha kwanza alichotundika ukutani kilikuwa saa. Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Kwa hiyo tukapata mkalimani.

Mkalimani alikuwa Bwana Fidelis, karani wa mapokezi. Alikuwa amesoma seminari akaacha katikati, na nusu aliyoipata aliivaa kila siku pamoja na tai, hata mwezi wa kumi jua linapochoma mabati. Alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza na Kihispania aliyopewa na padre mmoja, akaifunika kwa gazeti kama Biblia. Mgonjwa akisema neno, Fidelis analigeuza kwanza Kiingereza kichwani, halafu anafungua kamusi, analamba kidole, anatafuta, na mwisho anamtamkia dokta neno moja la Kihispania kwa sauti ya misa. Mtu mwenye kuhara alikuwa na muda wa kwenda nje na kurudi.

Neno alilolipenda zaidi lilikuwa lile lile mnalolijua nyote. Nzuri kwa Kiingereza ni "good", na kamusi yake ikasema "good" ni bueno. Basi ikawa bueno kwa kila kitu. Chai bueno, mwanamke bueno, watoto kumi bueno. Dokta alimsahihisha kwa upole siku za kwanza: mwanamke ni buena, watoto wengi ni buenos, wasichana wengi buenas. Fidelis alikataa kabisa. Alisema Kiingereza kina "good" moja tu kwa mwanamume, mwanamke na ng'ombe, na kama Waingereza waliotawala nusu ya dunia waliridhika na moja, Wahispania wanataka nne za nini?

Mama Yustina alikuwa anapiga deki. Aliinua kichwa akauliza wanabishana nini, nikamweleza.

"Kwani sisi tunasema mtoto nzuri?" akasema. "Mtoto mzuri, kitanda kizuri, maziwa mazuri. Hao watu wana akili. Huyo Fidelis ndo kasomeshwa akaharibika."

Alijifunza neno lile kwa dakika ile aliyokuwa anakamua dekio, na hakulikosea tena. Mimi niliona wivu. Nilipokwenda mjini nikanunua daftari kwenye duka la Kashaulili, nikaanza kuandika kila neno la dokta. Nikagundua kitu ambacho Fidelis hakukijua: ukitaka kusema hali ya mtu, yaani hajambo, haumwi na kitu, Wahispania hawasemi bueno wala buena, wanasema está bien. Ile bueno ni ya mkate, ya padre na ya mvua. Niliandika hilo kwa wino mwekundu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nikaanza kukitamani kiti cha mkalimani waziwazi.

Sasa nisikilizeni jinsi watu watatu wenye akili timamu walivyotengeneza upumbavu. Dokta alikuwa na kadi za wagonjwa, na juu kabisa ya kadi palikuwa na nafasi ya kuandika hali ya mtu. Alimwuliza kila mmoja, "Habari?" kupitia kwa Fidelis, na kila mmoja akajibu nzuri. Ilipofika saa nne alikuwa na rundo la kadi za watu wasioumwa. Alitoka kizingitini, mikono kiunoni, akauliza kwa hasira kwa nini watu wazima kabisa wanatembea siku nzima kuja kumwambia kwamba wao ni wazima. Tulikuwa watatu pale wenye kujua jibu. Fidelis alinyamaza kwa sababu hakutaka ionekane tafsiri yake ina kasoro. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya Fidelis. Mama Yustina hakuulizwa, maana alikuwa mhudumu. Na wagonjwa walidhani dokta anawasalimia kwa ukali, kama mila ya kwao.

Basi dokta akaweka utaratibu. Wasioumwa wakae benchi moja, warudi siku ya Alhamisi ambayo haina kazi nyingi. Wanaoumwa wakae benchi la pili, waonwe leo. Fidelis akachukua chaki, akaandika ukutani juu ya benchi la kwanza WAZURI na juu ya la pili WABAYA.

Mnacheka? Benchi la wazuri lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Mtu aliyevunjika mkono alikaa kwa wazuri, mkono umefungwa kwenye ubao wa sanduku. Mwenye jipu alisimama kwa wazuri kwa sababu hawezi kukaa. Fidelis alimwelekeza mzee mmoja mwenye kikohozi aende ng'ambo ya pili, mzee akagoma.

"Mimi mbaya?" alisema, akitazama watu wa kijijini kwake. "Nimemroga nani mimi?"

Benchi la wabaya lilibaki tupu. Asubuhi ile walioonwa ni mlevi mmoja aliyelala pale bila kusoma maandishi, na mtoto aliyeletwa amezimia, ambaye hakuulizwa. Dokta alifurahi kwamba foleni imepungua, akampa Fidelis mkono.

Wiki ile ile Fidelis akavimba jino. Shavu lilikaa kama andazi, jicho limefumba nusu. Dokta akamwuliza hali, naye kwa mdomo uliokataa kufunguka akajibu kwamba yuko salama kabisa. Kesho yake alipanda lori kwenda Mpanda mjini kung'olewa, maana kwetu alituona hatufai. Na mimi nikaitwa nikalie kiti chake.

Siku hiyo nilipiga pasi gauni mara mbili. Nilikuwa sifungui kamusi, nilikuwa natoa neno kichwani, na dokta alikuwa anapita mbele ya benchi la wazuri kwa haraka akiuliza, mimi naitikia, yeye anaandika. Nilimsikia akicheka kwa furaha. Alisema tumekwenda mara tatu ya mwendo wa Fidelis.

Mwishoni mwa benchi alikaa mzee mmoja kutoka bondeni Mpimbwe, amebeba kuku chini ya kwapa, na nyuma yake msichana wa rika langu, tumbo kubwa, amejifunika kitenge mpaka vidole vya miguu. Aliitwa Leokadia. Mzee alikuwa baba mkwe wake, alimleta kwa baiskeli, mumewe alikuwa safarini. Mzee alinyoosha mikono miwili akampa dokta kuku. Dokta akashukuru. Nikamwambia kwa Kihispania kwamba huyu ni kuku mzuri, jike, nikatumia buena kama inavyotakiwa. Kuku alipata sifa yake sahihi.

"Habari, dada?" nikamwuliza Leokadia.

"Nzuri," alijibu, akitazama chini.

"Unaendeleaje?"

Alimtazama mkwewe kidogo, akarudisha macho chini. "Nzuri tu."

Nikamgeukia dokta. "Está bien," nikasema. Sikusema bueno, sikusema buena. Nilitumia lile la wino mwekundu, mahali pake hasa, na dokta alisimama akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. Alisema nimesema kama mzaliwa wa kwao. Akaandika kwenye kadi, akaenda. Kipimo cha presha tulikuwa nacho kimoja, na kilikuwa cha wenye malalamiko. Nikamwambia mzee warudi Alhamisi. Mzee alisimama kidogo, kama anasubiri kitu. Halafu akasema ahsante, wakaondoka. Na mimi nilikuwa nachekelea peke yangu.

Ilikuwa yapata saa saba mchana Mama Yustina alipomkuta kuku amefungwa kwenye mguu wa benchi.

"Wa nani huyu?"

"Kaleta mzee mmoja wa huko kwenu," nikasema. "Yeye na mkaza mwanawe. Wamerudi nyumbani."

"Mkaza mwanawe ana nini?"

"Hana kitu. Ni mjamzito. Kasema nzuri."

Mama Yustina aliweka ndoo chini. "Mtu atoke Mpimbwe kwa baiskeli na kuku, mjamzito nyuma, hana kitu? Miguu yake umeiona?"

"Ilikuwa imefunikwa."

"Umemwuliza mara ngapi?"

"Mbili."

"Mbele ya mkwe wake?"

Nikamtazama kuku.

"We Skola," alisema, na hakupaza sauti. "Ulitaka aseme nini mbele ya mkwe? Avue nguo? Nyie mnaandika salamu kwenye kadi! Salamu inaandikwa?"

Alikwenda mwenyewe kwa dokta. Hakuwa na Kihispania zaidi ya lile neno alilolidaka akipiga deki, na hakulitumia. Alimwonyesha kuku, akajipapasa tumbo kuonyesha mimba, akaonyesha miguu iliyovimba, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaonyesha barabara. Dokta alielewa kabla sijafungua mdomo. Alichukua mkoba na funguo za gari la misheni, sisi wawili tukarukia nyuma.

Tuliwakuta kwenye kalavati, si mbali sana, baiskeli imelala na mzee amepiga magoti. Leokadia alikuwa anakakamaa, macho yamegeuka, povu lina damu. Kilikuwa kifafa cha mimba. Miguu ilikuwa wazi sasa, na kidole cha dokta kilipobonyeza kiliacha shimo. Mama Yustina alimgeuza ubavu, akamshika taya. Dokta alimchoma sindano palepale barabarani, na ilikuwa moja ya zile nilizonoa mimi. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo nilikuwa nimelifanya sawasawa.

Mzee alituuliza wakati tunampakia. Alitutazama mimi na dokta kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa ya adabu bado, jambo lililoniumiza zaidi.

"Tulisema nzuri tukingoja mtuulize," alisema. "Mbona hamkuuliza tena? Mlikuwa mnaenda wapi?"

Dokta alitaka nimtafsirie. Nilimtafsiria neno kwa neno, huku nalia, na hakunisahihisha popote.

Leokadia alipona. Mtoto alizaliwa jioni ile akiwa amekufa, wa kiume, ana nywele nyingi. Mama Yustina ndiye aliyemwosha.

Fidelis alirudi siku ya pili na pengo lake, akasikia habari, akaomba kuiona kadi. Aliisoma yote kwa makini, akatikisa kichwa, akaniambia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa, "Lakini neno lilikuwa sahihi." Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, na walevi, na wenye mapepo, na mkaguzi mmoja wa dawa. Sijawahi kupata tusi kama lile, na aliyelitoa alidhani ananisifia. Dokta nilipomtafsiria hayo alichukua kitambaa chenye maji akafuta maandishi ya ukutani mwenyewe, WAZURI na WABAYA, chaki ikimwingia kwenye mikono ya shati. Kamusi ilihamia stoo ya magunia ya maziwa ya unga, na Fidelis akaifuata huko kama mtunza stoo. Alikuwa mtunza stoo mzuri. Magunia hayasalimii.

Kabla ya hapo lakini, asubuhi iliyofuata kifo cha mtoto, dokta alipita wodini nami nyuma yake. Leokadia alikuwa ameamka, uso umevimba, amelala akiangalia ukuta. Mkwewe alikuwa nje. Nilikuwa nimekesha nikitunga maneno ya kumwomba msamaha, na nilipofika kitandani hayakuwepo. Kilichonitoka ni kile kile kinachomtoka kila mtu.

"Habari za asubuhi, Leokadia?"

"Nzuri," alisema.

Dokta akanigeukia, kalamu juu ya kadi, akisubiri neno. Nilikuwa nalo. Sikumpa. Nilivuta kigoda cha Mama Yustina kutoka chini ya kitanda cha jirani, nikakaa, kichwa changu kikawa chini ya chake.

"Umelala, dada?"

"Nimelala."

"Mwili nao?"

"Nzuri."

Sikuwa na aproni ya kukunja, nikashika pindo la gauni. Saa ya ukutani ilisikika mpaka huku. Dokta alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na kalamu ikashuka taratibu ikaingia mfukoni. Leokadia aligeuka kutoka ukutani akanitazama.

"Nzuri, dada," alisema. "Ila maziwa yameanza kutoka."

Kigoda kile Mama Yustina aliniachia alipostaafu, na hotuba hakutoa. Ninacho hapa Misunkumilo, kimewekwa karibu na mlango. Kiti chenu cha plastiki wanalala kuku. Mkipita njia hii ingieni, mmoja wenu akalie kigoda, aniulize tena.